Kichwa cha Treni na Sauti Yake

Fundi Risasi hakuwa mtu wa kutisha hata kidogo. Jina alilipata kwa ile risasi ya kulehemu, waya laini wa rangi ya fedha aliokuwa akiubana kwa midomo kutwa nzima huku mikono yake yote miwili imezama ndani ya tumbo la redio ya mtu. Wateja wapya waliolisikia jina kabla ya kumwona mwenyewe walitarajia kukuta pande la mtu. Walimkuta bwana mwembamba, miwani machoni, miwani nyingine juu ya paji la uso, akiuliza kama kuna aliyeiona miwani yake.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametengeneza redio, televisheni, feni na mashine za kusagia matunda katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, na kazi hiyo ilimpa majivuno yake madogo. "Kama kinatumia umeme," alipenda kusema, "kitanisikiliza tu." Aliwaambia hivyo wateja, akamwambia mkewe, akamwambia hata daktari wa meno siku aliyokwenda kung'oa jino. Nasi hatukumkatalia, maana redio zetu zilikuwa mikononi mwake.

Mama Mkubwa alimjia Jumatatu moja asubuhi, boksi la viatu kalikumbatia kifuani. Huyu alikuwa dada wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka saba, kwa hiyo Fundi alisimama upesi akapangusa kiti kwa pindo la shati lake mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au huko kwako mnakula kwa zamu?"

Hakungoja jibu. Alifungua boksi, na ndani yake, juu ya kitambaa cha meza kilichokunjwa mara nne, kulikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea, cha dizeli, chekundu chenye mstari wa njano, urefu wake kiganja kimoja na nusu. Fundi alikijua vizuri. Wafanyakazi wa reli walimpa Baba Mkubwa, mume wa Mama Mkubwa, zawadi hiyo siku alipostaafu udereva wa treni, pamoja na reli zake za duara. Kwa miaka mitano mzee alikuwa akikizungusha juu ya meza ya sebuleni, kimya kimya, na kukisuta kwamba kinakata kona kama dereva mlevi. Sasa Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa na miezi kumi tangu azikwe, na kichwa kilikuwa kimelala ndani ya boksi la viatu.

"Nataka ukitie sauti yake," alisema Mama Mkubwa.

"Sauti yake?"

"Sauti yake. Kwani nimesema kwa lugha gani?"

Alikaa, akashusha pumzi, akaeleza. Mwisho wa mwezi ujao binti yake angekuja kumhamisha, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya shirika la reli na shirika lilikuwa linaitaka. Treni zenyewe zilikwishahamishiwa upande wa pili wa mji, hazikupita tena pale.

"Zamani akifika pale reli inapokata barabara, anapiga honi. Mimi niko jikoni. Nikiisikia tu, nabandika maji yake ya kuoga. Maji yakipata moto, naye huyo mlangoni. Miaka thelathini, mwanangu, sikuwahi kukosea. Alipostaafu sikuihitaji tena ile honi, mwenyewe si alikuwa sebuleni anakohoa? Sasa inanitoka. Nikiitafuta kichwani napata honi ya lori la mchanga. Na nikishatoka kwenye nyumba ile, ndiyo basi, sitaipata tena."

Alicheka kidogo kwa ajili ya lile lori, kisha akakikunja kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Fundi akalivuta boksi upande wake.

"Niachie," alisema. "Kama kinatumia umeme, kitanisikiliza."

Lakini kosa lilikuwa limekwisha kuingia mlangoni na kukaa kitako. Lugha yetu haina choyo, inampa mtu "yake" na kitu nacho inakipa "yake" ileile. Mama Mkubwa alisema moja, Fundi akaondoka na nyingine, na kila mmoja akadhani wameelewana.

Jambo la kwanza alilofanya ni kusoma karatasi ya maelezo iliyokuwa chini ya boksi. Ilikuwa kwa lugha asiyoijua. Akaipiga picha, akamtumia binti wa Mama Mkubwa, ambaye alikuwa mwalimu wa lugha na mtu wa kamusi. Saa moja baadaye simu ikalia.

"Kaka, wanasema kichwa hiki ni bubu tangu kiwandani. Ili kitoe sauti kinahitaji king'amuzi."

Fundi aligeuka akatazama rafu yake. Ving'amuzi tisa vya televisheni vilikuwa vimepangwa pale vikisubiri matengenezo, kila kimoja kikubwa kama tofali.

"King'amuzi? Hivi hivi vya kuangalia mpira?"

"Ndivyo neno lilivyo, kaka. King'amuzi cha sauti."

"Basi aliyeliandika hajakiona hiki kichwa. Nikikitia king'amuzi humu, treni itakuwa imebeba nyumba."

Hata hivyo alishusha king'amuzi kimoja, akakiweka juu ya kichwa cha treni, akapima kwa rula, maana huwezi kujua. Kichwa kilipotea chote chini yake. Mteja aliyekuja kuchukua feni alisimama akatazama, kisha akauliza kwa adabu, "Fundi, hii itakuwa inashika chaneli ngapi?" Fundi hakuona cha kuchekesha.

Ilibidi apige simu katika mji mwingine, kwenye duka linalouza treni hizi kwa watu wazima wanaozipenda kuliko watoto wao. Muuzaji alikuwa na sauti ya mtu mwenye subira iliyochakaa. Alimweleza kwamba king'amuzi kinachotakiwa ni kidogo kama ukucha, kwamba kinapokea amri kupitia kwenye reli zenyewe, kinaongoza mota na taa, na ndani yake zimehifadhiwa sauti zilizorekodiwa kutoka kwa treni za kweli.

"Kichwa chako ni cha miguu mingapi?"

"Kina magurudumu kumi na mawili."

"Siulizi magurudumu, bwana. Miguu. Fungua kifuniko uhesabu matundu ya soketi."

Fundi alifungua kwa bisibisi nyembamba, akahesabu kwa ncha ya kibano. Matundu manane.

"Vizuri. Na sauti unayotaka ni ya garimoshi, siyo?"

"Ndiyo, garimoshi," alijibu Fundi, maana tangu azaliwe kila kitu kilichopita juu ya reli kiliitwa garimoshi, kitoe moshi kisitoe. Muuzaji akaandika.

King'amuzi kilifika baada ya siku tisa, kikiwa na spika yenye ukubwa wa kipande cha sukari na kisanduku cha kuendeshea chenye vitufe. Kulehemu nyaya zilizo nyembamba kama nywele kulimchukua siku mbili. Spika ilipolia peke yake ilitoa sauti ya mbu, akakumbuka kwamba spika isiyo na chumba nyuma yake ni kazi bure, akaikatia kizibo cha chupa, akaziba kandokando kwa gundi. Hapo alijisikia fundi hasa. Akakibeba hadi sebuleni kwa Mama Mkubwa, akaunganisha reli za duara, akabonyeza.

Kichwa cha dizeli kilianza kuhema. Chuku, chuku, chuku, mvuke ukatoka fyuuu, na juu yake filimbi nyembamba kama ya birika.

Mama Mkubwa alikitazama mizunguko miwili.

"Kwani Baba yako Mkubwa aliendesha sufuria?" aliuliza.

Fundi alimpigia muuzaji, amekuja juu. Muuzaji naye hakukubali kubeba lawama. "Wewe ulisema garimoshi, nikakupa ya moshi. Ungesema dizeli." Walibishana juu ya neno hilo moja mpaka chaji ya simu ikaisha. Siku ya pili muuzaji alimtumia orodha ya dizeli ili achague. Zilikuwa arobaini na moja, zote za nchi za mbali, na kila moja ina namba badala ya jina.

Alikaa kibandani akizisikiliza zote kwenye simu, ameshika tama. Thelathini na kitu zilifanana na mashine ya kusaga nafaka. Nyingine zilifanana na mashine ya kusaga nafaka iliyopata kikohozi. Mwishoni hakujua tena anasikia nini, hata jenereta ya kinyozi wa jirani ilipowaka aliipa namba, akaiandika kwenye karatasi.

Ndipo akamwita Gadi, mzee mstaafu wa reli. Huyu alisafiri na Baba Mkubwa miaka kumi na minane, yeye kwenye behewa la mwisho na bendera zake, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna aliyebaki hai anayezijua treni zile kumshinda. Alikaa, akafumba macho, akasikiliza.

"Silinda kumi na mbili," alitoa hukumu. "Chukua ile ya ishirini na saba. Halafu ongeza sauti. Ilikuwa inanguruma, kijana wangu! Ardhi inatikisika!"

"Lakini mzee, wewe ulikuwa behewa la mwisho. Injini uliisikiaje?"

"Nilikuwa naisikia kwa miguu," alisema Gadi, na hapo hakuna fundi yeyote duniani ambaye angeweza kumjibu.

King'amuzi chenye sauti ya ishirini na saba kilipofika, Fundi aliingia katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake ya kazi. Kumbe kila tabia ya king'amuzi inatawaliwa na namba. Kuna namba ya kasi ya kuondoka, namba ya mlio wa breki, namba ya honi, na namba sitini na tatu ndiyo ukubwa wa sauti yote. Unaita namba, unaiandikia namba nyingine, unaomba. Ameongeza injini, honi imemezwa. Ameongeza honi, breki zinalia kama mbuzi. Gadi alikuwa anapita kila alasiri kumwambia aongeze tena.

Siku moja alitaka kuandika nane kwenye namba tisa, kidole kikateleza akaandika nane kwenye namba nane. Kichwa kikanyamaza. Akabonyeza vitufe vyote, akatikisa, akapuliza, akazima umeme akawasha. Kimya. Alimpigia muuzaji.

"Hukukiua," alisema muuzaji. "Umekisahaulisha. Nane kwenye nane inakirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Ulikuwa umekipa namba gani ya kuitwa?"

"Arobaini na nne. Namba ya treni ya mzee."

"Basi hakijui tena kwamba kinaitwa arobaini na nne. Kiite namba tatu."

Fundi akakiita namba tatu. Kichwa kikawasha taa zake kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa kwa heshima. Kazi ya siku kumi na moja ilikuwa imefutika yote. Aliketi sakafuni na aliona aibu kugundua kwamba alikuwa karibu kulia, mtu mzima, kwa ajili ya kitu chenye urefu wa kiganja na nusu. Alikuwa anajiuliza anapokosea ni wapi, na kila alipojiuliza alipata majibu matano.

Alianza upya. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya binti kufika, alikuwa sebuleni kwa Mama Mkubwa na kila kitu mahali pake. Nyumba ilikuwa tupu nusu. Mapazia yameshushwa, maboksi yamepangwa ukutani, meza tu ndiyo iliachwa, na reli zake za duara. Upande mmoja wa duara ulipita karibu na dirisha lililokuwa wazi, na vumbi la kuhama lilikuwa limetanda kila mahali.

Alibonyeza. Injini ikanguruma hata vikombe vikagongana ndani ya boksi.

"Siyo yake," alisema Mama Mkubwa.

Akabadilisha namba mbili.

"Siyo yake, mwanangu. Na mbona unanipigia kelele?"

Akabadilisha tatu. Mama Mkubwa akatikisa kichwa. Hapo subira ilimwishia Fundi, na ni mara ya kwanza maishani kumwinulia sauti mwanamke aliyemlea.

"Mama Mkubwa, hii ndiyo sauti yake! Dizeli, silinda kumi na mbili, Gadi mwenyewe kathibitisha! Injini ni hii hii!"

"Nani kakwambia habari za injini?"

"Si ulisema nikitie sauti yake?"

"Yake! Yake yeye! Kwani mume wangu alikuwa na silinda?"

Kichwa cha treni kiliendelea kuzunguka kati yao, kikinguruma bila kujua kwamba kinasemwa.

"Yake… Baba Mkubwa?"

"Madereva walikuwa sita," alisema Mama Mkubwa, polepole sasa, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Treni zilezile, honi zilezile. Lakini kila mmoja alikuwa na mkono wake. Wa kwangu nilimjua. Nilimjua nikiwa nimegeuka, nakuna nazi, redio inapiga kelele. Nilikuwa najua ni yeye."

"Alikuwa anapigaje? Nionyeshe, mbili fupi? Moja ndefu?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

Alisimama akaenda jikoni kumalizia kufunga vyombo, akaufunga mlango nyuma yake, kwa sababu kelele zilikuwa zimempa kipandauso na kwa sababu hakutaka kuonekana uso. Fundi aliona haya mpaka masikioni. Wiki tano alikuwa ameitengeneza injini ambayo hakuna aliyemwomba. Na mkono wa mtu aliyekufa unauandikia namba gani?

Kwanza alipunguza kelele, angalau hilo aliliweza. Alikwenda kwenye namba sitini na tatu akaishusha, akaishusha tena, mpaka sauti ikawa ya kusikika kwa shida hata pale alipokaa. Akaizima injini kabisa, akaacha honi. Kitufe cha honi ni cha pili. Alikiacha kichwa kizunguke, akawa anabonyeza ovyo kama mtu anayegonga meza kwa mawazo, mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu.

Kilipopita karibu na dirisha, magurudumu yalipanda penye vumbi, umeme ukakosekana, honi ndefu ikakatika katikati. Kisha ikarudi, imefifia, ikamalizika.

"Laana!" alisema Fundi. Sasa hata reli. Alipapasa mfukoni akitafuta spiriti na kitambaa, kichwa kikazunguka tena, na palepale kwenye vumbi honi ikakatika tena, ikarudi tena.

Jikoni vyombo vilinyamaza.

Kisha alisikia sufuria ikiwekwa kwenye sinki, bomba likifunguliwa, maji yakijaa muda mrefu kupita ya chai. Kiberiti kikakwaruza. Fundi alidhani amesamehewa na kwamba chai inakuja. Alisimama akaenda kuomba radhi kabla haijafika.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya jiko. Sufuria kubwa kuliko zote, ile aliyokuwa ameshaifunga kwa gazeti, ilikuwa juu ya moto, na gazeti limetupwa chini. Begani alikuwa na taulo.

"Mama Mkubwa, unisamehe. Reli zina vumbi, ndiyo maana inakatika. Nipe dakika kumi nisafishe, halafu natia kapasita ndogo ya kuhifadhi umeme, haitakatika tena."

"Usiguse kitu."

"Lakini inakatika."

"Ilikuwa inakatika," alisema Mama Mkubwa. "Akipita nyuma ya maghala ilikuwa inakatika, akitokeza inarudi. Nimesahauje? Maghala mawili, mwanangu." Aliitazama sufuria, akaligusa taulo begani kama anayeshangaa limefikaje. "Nani kabandika maji haya?"

Fundi aliinama akaokota lile gazeti.

"Rudi ukapige," alisema Mama Mkubwa. "Na huo mlango ufunge."

Alirudi, akaufunga mlango, akakaa mbele ya meza. Hakujua alichotengeneza. Hakuna namba aliyoiandika, hakuna waya alioulehemu, alichoongeza ni vumbi tu, nalo si lake. Lakini alibonyeza kitufe cha pili, mbili fupi, moja ndefu, kichwa kikapita dirishani, sauti ikakatika, ikarudi. Akabonyeza tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mkono wa kulia ulikuwa kazini na wa kushoto ulishika meza isitikisike. Alipiga hivyo mzunguko baada ya mzunguko, hata alipoacha kuhesabu.

Jikoni maji yakaanza kuchemka.

Hapo kidole kikasimama juu ya kitufe, kwa sababu hakujua kinachofuata ni nini. Aligeuka. Mama Mkubwa alikuwa amefungua mlango wa jikoni na kusimama pale, taulo mkononi, anautazama mlango wa mbele.